Gari Likikataa Kuwaka Likiwa Moto

"Asubuhi linaitika mara moja. Linatoka Butembo mpaka Musienene bila kukohoa. Nasimama sokoni kupakia viazi, dakika ishirini hivi, narudi, nageuza ufunguo: linazunguka tu, haliwaki. Nikikaa kivulini saa nzima linawaka kama vile halijanifanyia kitu. Sasa, papa, ni batri au ni nini?"

Swali hili nimeletewa na dereva wa teksi, na mama mwenye Hilux ya mazutu (dizeli), na mwalimu ambaye Corolla yake bado ina kabureta. Kila mmoja alikuwa ameshabadilisha kitu kabla ya kuniuliza, na kila mmoja alikuwa amebadilisha kitu kizima. Kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote. Ukimaliza kusoma utajua pa kuanzia kutazama hata kama hujawahi kushika spana, na utajua la kumwambia fundi.

## Ugonjwa huu una saa zake

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa: kasoro ya gari moto huonekana gari likiwa moto. Likipoa, hujificha. Na sisi tunafanya nini? Tunalivuta mpaka nyumbani, tunalala, kesho asubuhi tunalipeleka garajini. Limepoa usiku kucha kwenye baridi ya milima yetu ya Lubero. Fundi anageuza ufunguo, linawaka. Anakuna kichwa, kisha anabadilisha anachokisia.

Zile dakika kumi au kumi na tano ambazo gari linakataa ndizo zenye jibu. Usizipoteze kwa kuzungusha demareri (stata) mpaka batri ife, wala kwa kulalamika. Fungua kapo, tazama, nusa, sikiliza.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na Carina ya petroli iliyokuwa ikinifedhehesha hivyo hivyo. Nikanunua batri. Nikabadilisha buji zote nne. Nikafungiwa pompi mpya ya esanse ndani ya tangi. Gari likaendelea na tabia yake. Mwishoni kijana mmoja wa garaji alikubali kuja lilipokuwa limesimama, joto bado linafuka kwenye chuma. Akaangalia, akachomoa soketi moja yenye nyaya mbili karibu na mpira wa juu wa rejeta, akaniambia nijaribu. Likawaka pale pale. Kilichokuwa kimekufa ni sensa ya joto la maji, kitu kidogo kuliko kidole gumba. Batri ile mpya niliimalizia kwenye taa za nyumba.

## Lilikataa namna gani?

Kabla ya kugusa kitu, jibu swali hili kwa ukweli. Majibu yenyewe yanakata nusu ya kazi.

- Linazimika lenyewe njiani, halafu haliwaki mpaka lipoe. Anza na umeme wa cheche: bobini, kile kisanduku cha cheche kilicho karibu na deliko (kigawa cheche), au sensa inayosoma mzunguko wa injini.
- Ukilizima na kuliwasha baada ya dakika moja linakubali. Baada ya dakika kumi na tano linakataa. Baada ya saa moja linakubali. Hapa shaka inakwenda kwa mafuta: mvuke ndani ya bomba, kabureta iliyofurika, injekta inayovuja, au sensa inayodanganya.
- Linazunguka polepole, kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Ni demareri, nyaya zake, au masi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha injini).
- Linagonga "tak" moja na kunyamaza. Demareri tena, na mara nyingi ni vipande viwili vya shaba vilivyo ndani yake.
- Ni la mazutu, linazunguka vizuri, halitoi hata moshi. Ruka mpaka sehemu ya mazutu hapa chini.

Lile jibu la pili linawachanganya wengi. Inakuwaje gari liwake baada ya dakika moja, likatae baada ya kumi na tano, wakati linazidi kupoa? Ni kwamba halizidi kupoa. Ukizima injini, feni inasimama na maji hayazunguki tena. Joto lililomo ndani ya chuma halina pa kwenda isipokuwa juu, kwenye kabureta, mabomba ya mafuta na nyaya. Chini ya kapo joto hupanda kwa dakika kumi mpaka ishirini baada ya kuzima, ndipo linaanza kushuka. Weka mkono juu ya kapo ukizima, kisha uweke tena baada ya robo saa. Utaona.

## Kwa nini huku kwetu hasa

Musienene iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mgeni akisikia hivyo hudhani tunaungua. Aje asubuhi bila sweta. Kinachotusumbua ni mwinuko. Butembo iko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, ambako mengi ya magari yetu hushushwa melini. Matokeo yake ni mawili, na yote yanagusa gari lako.

La kwanza, vimiminika huchemka mapema. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Petroli nayo, ambayo hata pwani huanza kutoa mvuke mapema sana, huku inageuka mvuke kwa joto dogo zaidi. Bomba la mafuta likigusa chuma cha injini, ndani yake panajaa mvuke badala ya petroli, na pompi haiwezi kusukuma mvuke.

La pili ni la kabureta peke yake. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya usawa wa bahari huku inatoa mafuta yale yale kwa hewa pungufu. Gari linakula zaidi, buji zinakuwa nyeusi, na likiwa moto linafurika kirahisi.

Ongeza safari yenyewe. Kutoka Beni ni kilomita 54 mpaka Butembo, na Butembo iko juu zaidi kwa mita mia kadhaa. Gari linafika limepanda, limebeba, limechoka. Halafu unalizima kwenye foleni ya bariere.

## Maswali matatu ya kando ya barabara

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu ili iwake: izunguke kwa kasi ya kutosha, ipate cheche, ipate mafuta kwa kiasi. Moja likikosekana haiwaki. Uliza kwa mpangilio huu, usiruke.

### Je, inazunguka sawasawa?

Sikio lako linajua jinsi gari lako linavyozunguka asubuhi. Likiwa moto linapaswa kuzunguka kwa wepesi zaidi, maana oili ni laini. Likizunguka kwa uzito, achana na habari za mafuta kwanza.

Fanya hivi:

1. Gusa vichwa vya batri mara tu baada ya kuzungusha. Kilicho moto kuliko mwenzake kimelegea au kimeota kutu nyeupe. Safisha, kaza.
2. Chukua waya mnene wa kuwashia magari, unganisha upande wa hasi wa batri moja kwa moja na chuma cha injini. Likizunguka kwa nguvu, masi ndiyo mbovu. Waya wa masi ni rahisi kuliko demareri, na kwenye magari yaliyowahi kushushwa injini husahaulika mara nyingi.
3. Kama una mita ya umeme, pima batri ikiwa imetulia: volti 12.6 ni nzima. Pima tena mwenzako akizungusha. Ikishuka chini ya 9.6 huku injini ikizunguka kwa shida, ama batri imechoka ama demareri inakula umeme kupita kiasi.
4. Likigonga "tak" tu, gonga demareri kidogo kwa mpini wa spana wakati mwenzako ameshika ufunguo. Likiwaka, ujue shaba za ndani au brashi zimekwisha. Kwenye demareri za Toyota vipande vile vya shaba hubadilishwa peke yake. Usikubali kuuziwa demareri nzima kabla havijatazamwa.

Kwa nini demareri iharibike ikiwa moto tu? Shaba ikipata joto, umeme hupita kwa shida zaidi, na buchi zilizolika huacha kiini kikwaruze kuta. Demareri nyingi zimekaa karibu na bomba la moshi. Kama kile kibati cha kuzuia joto kiling'olewa siku ile bomba lilipochomelewa, kirudishe.

Na kama injini inarudi nyuma kwa kishindo unapozungusha, muulize fundi wako kama aliisogeza deliko ili gari "lipande mlima vizuri". Cheche ikitangulia mno, injini moto huipiga teke demareri.

### Je, kuna cheche?

Beba buji moja ya akiba iliyo safi. Chomoa waya mmoja wa buji, uvike kwenye ile ya akiba, laza buji hiyo ikigusa chuma cha injini, mbali na kabureta na mbali na mafuta yoyote yaliyomwagika. Usiishike kwa mkono mtupu. Shika waya kwa kitambaa kikavu. Mwenzako azungushe. Unataka cheche ya buluu, yenye sauti. Cheche nyekundu na nyembamba haitoshi.

Hakuna cheche? Chukua kitambaa chenye unyevu, kikamue vizuri, kiweke juu ya bobini kwa dakika tano, kisha jaribu tena. Ikirudi, umeshampata mhalifu. Kama bobini ikipozwa hairudi, fanya vivyo hivyo kwa kisanduku cha cheche, lakini kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka mwisho. Maji yasiingie kwenye soketi. Kwa gari la zamani zaidi lenye platini, tazama kondensa: ikifa kwa joto, platini huungua na kuwa nyeusi.

### Je, mafuta yamezidi au yamepungua?

Pua ndiyo kipimo. Harufu kali ya petroli maana yake yamezidi. Hakuna harufu kabisa baada ya kuzungusha kwa muda, yamepungua.

Yakizidi: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa, ishike hapo hapo, zungusha kwa sekunde tano mpaka kumi. Usipampu. Nasema tena kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila siku: usipampu. Kwenye kabureta kila ukipampu unamwaga petroli nyingine juu ya ile iliyofurika. Kuishika chini kunaingiza hewa. Kwenye gari nyingi za injekta, pedali ikiwa chini kabisa kompyuta hupunguza au hukata mafuta. Likiwaka kwa moshi mweusi, ujue gari lako linafurika likiwa moto, na sasa utafute kwa nini:

- kabureta: sindano na boya lake, choki isiyofunguka, filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara yetu;
- injekta: moja inavuja baada ya kuzima;
- sensa ya joto la maji inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, nayo inamimina mafuta ya asubuhi.

Yakipungua: kwenye kabureta, mwagia maji kidogo kitambaa, kizungushe kwenye pompi ya mafuta iliyoshikamana na injini na kwenye bomba linalotoka humo. Subiri dakika tano. Likiwaka, ni mvuke. Tiba yake ni kuliondoa bomba lisiguse chuma, kurudisha ule ubao wa plastiki unaokaa chini ya kabureta (mafundi wengine huutupa wakiona umepasuka na kuweka karatasi ya gasketi tu), na kuhakikisha rejeta inapoza. Kwenye injekta, fungua na funga ufunguo mara tatu kabla ya kuzungusha, ukingoja sekunde mbili kila mara. Kama pompi husikika ikivuma na gari linawaka baada ya hapo, mgandamizo wa mafuta unashuka gari likikaa. Angalizo: kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 pompi haivumi mpaka demareri izunguke, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi kwamba imekufa. Pompi yangu nzima iling'olewa kwa ushahidi wa namna hiyo.

## Ile sensa yenye nyaya mbili

Hii nakaa nayo kidogo, maana ndiyo inayosahaulika na ndiyo nafuu.

Karibu na mahali maji yanapotoka kwenye injini kwenda rejeta kuna sensa mbili, mara nyingi jirani. Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye mshale wa joto ulio mbele yako. Yenye nyaya mbili inapeleka habari kwenye kompyuta. Kwa hiyo mshale wako unaweza kusoma vizuri kabisa huku kompyuta ikidanganywa. Usiniambie "mshale uko katikati, sensa ni nzima." Ni sensa nyingine.

Jaribio la kando ya barabara kwa Toyota: chomoa ile ya nyaya mbili, zungusha. Kompyuta ikikosa habari huchukulia kwamba maji yako kwenye nyuzi 80, yaani injini moto. Gari likiwaka, badilisha sensa. Magari ya watengenezaji wengine hayafanyi hivyo yote, kwa hiyo kwao jaribio hili halikanushi wala halithibitishi.

Mwenye mita apime sensa yenyewe: kwenye nyuzi 20 inapaswa kuonyesha omu 2,000 mpaka 3,000, na kwenye nyuzi 80 omu 200 mpaka 400. Iweke kwenye kikombe cha maji ya moto, utaona namba zikishuka. Zisiposhuka, imekufa.

Na kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, ndani ya kile kisanduku cha matundu yenye majina chini ya kapo, fundi akiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa wazi na injini imezimwa, taa ya injini humweka namba. Mbili, kituo, mbili, ni 22: sensa ya joto la maji. Asibahatishe matundu mengine; kosa hapo linaweza kuua kompyuta.

## Wenye mazutu, njooni huku

Land Cruiser za injini ya 1HZ, Hilux za 2L na 3L: hizi ndizo ninazoulizwa zaidi na wafanyabiashara. Dalili ni moja. Asubuhi linawaka, mchana likiwa moto linazunguka bila kuwaka, ukilisukuma mteremkoni linashika.

Kwanza, achana na buji za joto. Kazi yake ni asubuhi. Injini iliyotoka kupanda milima haizihitaji, na fundi anayekubadilishia hizo kwa ugonjwa wa mchana hajakusikiliza.

Pili, zungusha na utazame bomba la moshi. Moshi mweupe au wa kijivu ukitoka, mazutu yanafika lakini hayaungui. Rudi kwenye kasi ya demareri. Moshi usipotoka kabisa, mazutu hayafiki.

Hayafiki kwa nini?

- Swichi ya kuzimia. Juu ya pompi kubwa kuna kidude chenye waya mmoja kinachofungua njia ya mazutu. Ukifungua na kufunga ufunguo unapaswa kusikia mlio mdogo. Kisipolia likiwa moto, chukua waya kutoka chanya ya batri, kiguse. Kikilia na gari likawaka, nyaya ndizo mbovu. Kisipolia kabisa, badilisha kidude.
- Hewa. Pampu kwa mkono kwenye filta ya mazutu mpaka iwe ngumu. Likiwaka baada ya hapo, kuna mahali panapovuta hewa.
- Pompi yenyewe kulika. Hili ndilo la pesa.

Pompi inasukuma mazutu kwa kiini cha chuma kinachoteleza ndani ya kichwa chake bila mpira wowote wa kuziba. Kinachozuia mazutu kuvuja ni jinsi vyuma viwili vilivyokaribiana. Nozeli zinataka mgandamizo wa zaidi ya baa 100 ili zifunguke. Vyuma vikilika, mazutu baridi ya asubuhi, mazito kidogo, bado yanabanwa. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapenya pembeni na kurudi, na kwa kasi ndogo ya demareri mgandamizo haufiki. Ukilisukuma, kasi inaongezeka, linawaka.

Kipimo: kitambaa chenye maji ya kawaida, kilichokamuliwa, juu ya pompi kwa dakika kumi, ukikigeuza. Likiwaka kwa urahisi, pompi imelika. Usimwage ndoo ya maji baridi juu yake. Chuma cha nje kikisinyaa ghafla kiini kinaweza kukwama, na hapo umenunua pompi siku hiyo hiyo.

Usikimbilie kuifungua, hata hivyo. Hakikisha kwanza demareri inazunguka kwa kasi, maana demareri nzima inaweza kuificha pompi iliyochoka kwa mwaka mzima. Nami sioni aibu kumshauri mtu hivyo kama mfuko haujakaa sawa.

## Mnayonipinga nayo

"Ni esanse ya Kadhafi." Wauza mafuta wa bidoni, tunaowaita Kadhafi, wanalaumiwa kwa kila kitu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta shida zaidi asubuhi, gari likiwa baridi, kuliko mchana. Kwa mazutu ni tofauti: yakichanganywa na mafuta ya taa yanakuwa mepesi, na pompi iliyolika inaumbuka mapema. Ukitaka kujua kama mafuta yana maji, jaza chupa nyeupe, iache dakika kumi, tazama chini.

"Nimetoa temostati ili lisichemke." Rudisha. Gari lisilo na temostati halipati joto sawasawa asubuhi, na hilo halikuponyi mchana. Tazama badala yake kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha baa 0.9 huzuia maji yasichemke mpaka zaidi ya nyuzi 110 hata hapa kwetu. Kilichochoka kinayaacha yachemke kwenye 94. Usikifungue injini ikiwa moto. Nimeona mikono iliyoungua kwa haraka hiyo.

"Naegesha mteremkoni, sina shida." Milima tunayo, ni kweli. Lakini injini ikiwa imezimwa breki inakuwa nzito na usukani unakuwa mgumu, na wanaosukuma ni watoto wa mtaa walio nyuma ya gari. Gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata mkiwa kijiji kizima.

"Namwaga petroli kidogo kwenye kabureta." Acha. Injini ikifyatua kwa nyuma, moto unakurudia usoni.

Kuna jambo moja sitalizunguka. Njia zetu nyingine si za kukaa kando ukingoja injini ipoe. Kwenye barabara ya Beni kwenda Komanda magari yamewahi kusubiriana ili yaende kwa msafara wenye askari. Gari lenye ugonjwa huu lisiingie huko mpaka lipone.

## Kwa fundi, na kwa muuza vipuri

Mpeleke fundi kwenye gari, au lipeleke gari likiwa moto na ulizime mbele yake. Mwambie lilivyokataa, usimwambie la kubadilisha. Akibadilisha kitu, dai cha zamani, kisha endesha nusu saa, zima, subiri dakika kumi na tano, washa. Hapo ndipo unalipa. Kama vyote vimepimwa na ni vizima, muulize lini valvu zilipimwa mara ya mwisho; zikibana mno, zikipata joto hazifungi sawasawa.

Ukiagiza vipuri kutoka Kampala au Kasese, maneno yetu ya Kifaransa hayavuki mpaka wa Kasindi. Buji zetu kwao ni plagi. Bobini ni koili, demareri ni stata, masi ni ethi, mazutu ni dizeli. Mtumie muuzaji picha ya kipuri cha zamani pamoja na namba ya injini, si jina la gari peke yake.

Na wewe utakayeniuliza tena, karibu, lakini lete haya matano: ni petroli au mazutu, injini gani, lilizimwa kwa dakika ngapi kabla ya kukataa, linazunguka kwa kasi au kwa uzito, na ulinusa nini, au uliona moshi gani. Usiniletee orodha ya ulivyobadilisha.